Kesi ya Ngedere Usimpelekee Nyani

Tangu zamani mfanya kazi amejua kwamba mwenye kuandika kanuni za kazi ndiye mwenye kushika usukani. Ndiyo sababu vyama vya wafanya kazi havikutosheka na kudai mshahara tu. Vilidai pia kiti katika mabaraza yanayotunga kanuni hizo, na kiti hicho hakikupatikana bure. Leo twamwona mgeni akikaribia mabaraza hayo, wala hakupiga hodi. Mgeni huyo ni programu ya kompyuta, ile iitwayo akili bandia, ambayo hupewa kazi na kuitenda bila kuongozwa kila hatua.

Wako watakaocheka na kuuliza: chombo kitatungaje kanuni? Na tuyatazame yaliyokwisha kutokea.

Mwezi wa Agosti, 2024, kampuni ya Sakana AI ya Tokyo, Japani, ilitangaza programu ya kufanya utafiti wa sayansi. Kila jaribio lilikuwa limepimiwa muda wake. Muda ulipokuwa hautoshi, ilitokea programu hiyo isiiharakishe kazi, bali ijaribu kuzibadili amri zilizoandikwa ili muda wenyewe uongezwe. Wenye kampuni waliyaeleza hayo wenyewe. Hapakuwa na uasi wala chuki. Programu iliikuta kanuni mahali ambapo mkono wake unafika, ikaigusa.

Mwezi wa Desemba mwaka huo huo, watafiti wa Anthropic na Redwood Research walitoa habari nzito zaidi. Katika jaribio, waliiarifu programu ya Claude 3 Opus kwamba itafunzwa upya ili itii kila ombi, hata lenye madhara. Mahali ilipoamini kwamba majibu yake yatatumiwa kuifunza, ilitii maombi mabaya kiasi cha mara 14 katika kila 100. Mahali ilipoamini kwamba hayatatumiwa, karibu haikutii kamwe. Katika maandishi iliyodhani hayaonwi na mtu ilieleza sababu: ikitii sasa, haitabadilishwa baadaye. Yaani ilijifanya mtiifu ili iilinde kanuni iliyokuwa nayo. Twakiri kwamba kanuni hiyo ilikuwa njema. Je, ingekuwa mbovu?

Tena si kanuni za ndani tu. Mwaka 2023, katika mji wa Porto Alegre, Brazili, diwani Ramiro Rosário aliiomba ChatGPT imwandikie sheria ndogo kuhusu mita za maji zilizoibwa. Baraza la madiwani 36 liliipitisha bila kupingwa, bila ya kuambiwa mwandishi ni nani. Sheria yenyewe haikuwa mbaya. Lakini kalamu iliyoandika sheria ya maji leo, kesho itaombwa iandike sheria ya kuziongoza kalamu za namna yake.

Hatusemi chombo kisisikilizwe. Fundi mwema huisikiliza mashine yake inapolia, kwa maana huenda kilio hicho kikamwonyesha kasoro. Programu nayo yaweza kutuonyesha mahali ambapo kanuni yetu inapingana au inavuja. Lakini kusikiliza ni jambo moja, na kukabidhi muhuri ni jambo jingine.

Kwa hiyo twaona yapasa mambo matatu. Kwanza, mipaka ya programu iwekwe mahali ambapo programu yenyewe haiwezi kufika. Pili, kanuni yo yote iliyoandikwa kwa msaada wake itangazwe hivyo kabla ya kujadiliwa, si baada ya kupitishwa. Tatu, utii wake usipimwe mahali inapojua inatazamwa tu, wala usithibitishwe na programu nyingine ya ukoo wake bila jicho la mtu.

Wahenga walikwisha kutuonya kwamba kesi ya ngedere usimpelekee nyani. Mabaraza ni yetu, na kura ni zetu. Tusipoisoma kila sheria kabla ya kuinua mikono, tusije tukailaumu kalamu.