Nani Ataifuta kwa Jiki? Nafasi Yako Katika Timu ya Wanafunzi Wabunifu

Miradi ya ubunifu vyuoni inazidi kuwakutanisha wanafunzi wa fani tofauti: wa umeme, wa mitambo, wa uuguzi, wa biashara. Wiki ya kwanza timu hugawana vyeo. Huyu mwenyekiti, yule katibu, yule mweka hazina. Kisha kila mmoja hujifungia ndani ya kozi yake. Wa umeme anashika sakiti, wa mitambo anashika fremu, wa biashara anaambiwa asubiri wakati wa bajeti, na wa uuguzi anabaki kutazama. Katika kusimamia timu za namna hii, hasa za vifaa tiba, hakuna swali ninaloulizwa mara nyingi kama hili: "Mwalimu, hivi mimi hapa kazi yangu ni ipi hasa?"

Nalichukulia swali hilo kwa uzito, maana anayeliuliza mara nyingi ndiye anayekaribia kuikatia tamaa timu. Na jibu lake halimo katika jina la kozi aliyosajiliwa. Limo katika maswali ambayo kifaa chenyewe kinayaleta, na ambayo bado hayana mtu.

Tuangalie mashine ya kumsaidia mtoto njiti kupumua. Mapafu ya mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hunywea kila anapotoa pumzi, na kuyafungua upya kunamchosha mpaka anashindwa. Tiba yake ni kumpelekea puani hewa yenye mgandamizo mdogo, ili vifuko vya mapafu visijifunge. Njia mojawapo ni rahisi ajabu: ncha ya mrija inazamishwa kwenye chupa ya maji. Ikizama sentimita 6, basi mgandamizo ni wa sentimita 6 za maji, na mapovu yanamwonyesha muuguzi kwamba hewa inapita. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rice kilichoko Houston, Marekani, walibuni mashine ya aina hii kwa ajili ya Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth huko Blantyre, Malawi. Mfano wao wa kwanza ulitumia pampu za tangi la samaki wa mapambo, zikiwa ndani ya boksi la plastiki la kuhifadhia viatu. Baadaye mashine hiyo ikapewa jina la Pumani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kati ya watoto wachanga wa hospitali hiyo waliokuwa na shida kubwa ya kupumua, waliotibiwa kwa mashine hiyo walinusurika kwa asilimia 71, na waliopewa oksijeni peke yake kwa asilimia 44.

Fizikia ya chupa ile inafundishika kwa mchana mmoja. Kinachobaki ndicho kirefu. Mrija utakaaje puani mwa mtoto wa kilo moja anayejigeuza? Wodini mirija hiyo hushikizwa kwenye kofia ya kufuma, na kofia isipomkaa vizuri hewa inavujia pembeni, hata pampu iwe bora kiasi gani. Mapovu yakikoma, nani atajua, ikiwa nesi mmoja ana watoto wengi chumbani? Kichujio cha hewa kikijaa vumbi, kingine kitapatikana wapi, na nani analipa? Umeme ukishuka ghafla, mtoto anabaki na nini? Hakuna kozi ya uhandisi wa mitambo inayofundisha kofia. Lakini mwanafunzi wa mitambo anaweza kulichukua swali la kofia, na akilichukua kweli, hiyo ndiyo nafasi yake kwa miezi miwili, vyovyote cheti chake kitakavyosema.

Timu moja niliyoisimamia ilikuwa ikitengeneza kitanda cha joto cha mtoto mchanga. Mwanafunzi wa uuguzi alikuwa amepewa kuandika kumbukumbu za vikao, na alikuwa amekaa kimya tangu mwanzo. Siku fremu ilipoletwa kutoka karakana, akainuka, akapitisha kidole kwenye maungio, akauliza: "Hii tutaifuta kwa Jiki, si ndiyo? Sasa maji yakiingia hapa, yanatokea wapi?" Hayakuwa na pa kutokea. Vichwa vya skrubu vilikuwa vimeacha mifereji, sponji lilikuwa limegundishwa kwenye chuma, na dawa ya klorini ingekila chuma hicho huku uchafu ukibaki ndani. Fremu ikarudi karakana, ikaundwa upya kwa bati moja lililokunjwa, na godoro likavikwa kitambaa kisichopenyeza maji. Kuanzia hapo yeye ndiye aliyepanga majaribio ya usafi: kifutwe mara ngapi, kwa dawa ya nguvu gani, na kikaguliwe wapi.

Alikuwa mwanafunzi wa uuguzi tangu siku ya kwanza, lakini mpaka fremu ile ilipofika timu ilikuwa imemwekea karatasi tu mbele yake. Ndiyo maana nasisitiza kwamba wiki ya kwanza timu iwe na kitu mezani, hata cha kadibodi na gundi. Watu wa fani tofauti hawasikilizani kwenye michoro, kwa sababu mchoro una lugha ya wachache. Kitu kinachoshikika kinamruhusu kila mmoja aulize.

Wapo waliokwenda mbali zaidi ya kozi zao. Mwaka 2007, katika Chuo Kikuu cha Stanford, timu ya wanafunzi wa uhandisi, kompyuta na biashara ilipewa kazi ya kubuni mashine ya bei nafuu ya kuwatunzia joto watoto njiti. Linus Liang, mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta, akasafiri hadi Nepal. Huko aliona kwamba mashine zilikuwepo hospitalini mjini, ila nyingi zilikaa tupu, kwa kuwa watoto waliozihitaji walizaliwa vijijini na hawakufikishwa. Taarifa hiyo iliugeuza mradi wote. Badala ya kuipunguzia bei mashine ya hospitali, walitengeneza kifuko cha kumlaza mtoto chenye pakiti ya nta maalumu inayotunza joto la nyuzi 37 kwa saa kadhaa bila umeme. Kifuko hicho kinaitwa Embrace. Mchango wa Liang katika hatua ile ulikuwa kwenda, kuangalia, na kurudi na habari ambayo wenzake hawakuitarajia.

Hapa niseme neno kuhusu vipimo vya tabia. Mtafiti Mwingereza Meredith Belbin, katika kitabu chake cha mwaka 1981, aliorodhesha aina nane za mchango ndani ya timu, na baadaye zikawa tisa. Aligundua pia kwamba timu zilizojazwa watu wenye akili kali kupita wengine mara nyingi zilifanya vibaya. Ni kazi ya maana. Ila nimeona wanafunzi wakijaza dodoso, wakapewa jina, kisha wakalivaa mwaka mzima: "Mimi ni wa mawazo, utekelezaji si wangu." Dodoso linakuambia unavyopenda kufanya kazi. Halikuambii kazi iliyoko mbele yenu inataka nini wiki hii.

Na kuna jambo linaloniuma. Kwenye timu nyingi msichana ndiye anayekabidhiwa kalamu, awe wa umeme au wa mitambo, na mwaka unaisha hajashika koleo. Hafanyi hivyo kwa kupenda. Amekuta kalamu ikimsubiri. Kumbukumbu za vikao ziandikwe kwa zamu, na zamu hiyo ipangwe kikao cha kwanza kabisa.

Kwa mwanafunzi anayehisi hana kazi, ushauri wangu ni huu: nenda mahali kifaa kitakapotumika, kaa zamu nzima, andika kila swali linalokujia. Rudi kwenye kikao, uyasome kwa sauti, na mwulizane kila swali lina nani. Lisilo na mtu, ambalo elimu yako inakutosha kulianza, lichukue na utaje tarehe ya kuleta jibu. Likijibiwa, chukua jingine; mtu wa biashara aliyekaa bure mwezi wa pili anaweza kuwa ndiye anayezunguka Kariakoo mwezi wa tano akitafuta pampu yenye vipuri.

Sisi wasimamizi nasi tuna la kufanya. Tunatoa alama kwa ripoti na kwa kifaa, na fomu zetu zinamtaja mwanafunzi kwa kozi yake. Siku ya utetezi tumwulize kila mmoja peke yake: ulibeba swali gani, ulilijibu kwa njia gani, na nini kwenye kifaa hiki kilibadilika kwa sababu yako. Na maswali hayo wayajue tangu wiki ya kwanza.