Uuguzi ukubwani: hesabu ya ada na miaka 45

Soko la ajira za uuguzi jijini Dar es Salaam lina wauzaji wengi kuliko wanunuzi, na kwa anayeingia darasani akiwa na miaka 35 au zaidi, umri nao huingia katika bei. Suala hili linawagusa wafanyabiashara wa Mwenge, ambako mtaji wa duka la vitenge au kibanda cha vinyago huweza kugeuzwa ada ya chuo.

Mnunuzi mkubwa ni Serikali, na sharti lake liko wazi. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma humtaka mwombaji awe na umri usiozidi miaka 45, isipokuwa aliyeko tayari kazini serikalini. Mtumishi hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, na mfuko wa PSSSF, ulioanza mwaka 2018, hutoa pensheni ya kila mwezi kwa aliyechangia miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Toa 15 kwenye 60, inabaki 45.

Mama wa miaka 38 anayeanza stashahada ya miaka 3 humaliza akiwa na 41. Hapo bado mtihani na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Anabakiwa na miaka kama 3 ya kusubiri tangazo. Akichagua shahada, miaka 4 na mmoja wa mazoezi, anatoka na 43. Na aliyeiacha Kemia au Baiolojia shuleni asihangaike na hesabu hizi kabla hajarudia mtihani wa kidato cha nne.

Kusubiri ndiko kunakokula mtaji. Zamani mhitimu alipangiwa kituo moja kwa moja, mpaka Serikali iliposimamisha ajira mpya mwaka 1993. Aprili 2023 zilitangazwa nafasi 21,200 za walimu na watumishi wa afya; afya ilipata 8,070, kwa kada zake zote na kwa nchi nzima.

Upande wa binafsi mlango ni mpana zaidi. Hospitali za biashara zilipigwa marufuku mwaka 1977, zikaruhusiwa tena 1991, na leo Mwenge, Sinza na Mikocheni zina hospitali na zahanati za binafsi kila upande. Hizi hazifungwi na miaka 45, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi wa umri. Lakini sheria haiingii zamu ya usiku. Mwenye zahanati atataka kujua kama miguu ya mwombaji itahimili. Aliyewahi kuuza duka naye ana lake: anajua kumtuliza mteja mkali na kufunga hesabu ya siku.

La kuangaliwa ni mkataba. NSSF nayo inataka miezi 180 ya michango, hivyo anayeajiriwa na miaka 44 hana miezi mingi ya kupoteza kwa mwajiri asiyepeleka makato. Aulize hilo kabla ya kutia saini, hata kabla ya kuuliza mshahara.

Kwa aliyevuka 40, duka lisiuzwe. Aachiwe ndugu mwaminifu, ada itoke kwenye faida, na zahanati za jirani zianze kubishiwa hodi wakati wa mazoezi, siyo baada ya mahafali.