Asiyehukumiwa Bado: Kipimo cha Kulinganisha Mifumo ya Haki za Jinai

Katika madarasa ya siasa swali hili huulizwa mara kwa mara: ni nchi ipi yenye mfumo bora wa haki za jinai? Wengi hujibu kwa kutazama sura ya nje. Hutaja mawigi ya majaji wa Uingereza, raia kumi na wawili wanaoamua kesi huko Marekani, au hakimu mpelelezi wa Ufaransa. Hayo ni mavazi ya mfumo. Kada anayetaka kuchambua hana budi kuuliza swali la msingi zaidi: dola inamtendea nini mtu iliyemkamata, lakini bado haijathibitisha kosa lake?

Tunachagua kipimo hiki kwa sababu hapo ndipo nguvu ya dola huwa kubwa na ya mtu mmoja huwa ndogo kabisa. Na hapo ndipo tofauti ya mwenye mali na mvuja jasho huonekana wazi.

Urithi wetu

Mfumo wetu haukuota katika ardhi yetu. Kanuni ya Adhabu ililetwa na Mwingereza mwaka 1930, na kabla yake alitumia sheria zilizotungwa kwa ajili ya India. Mwafrika alikuwa na mahakama zake za chini, na wengine zao. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963 iliunganisha mahakama hizo, na hiyo ilikuwa hatua kubwa ya usawa. Lakini mwaka mmoja kabla, 1962, Bunge lilikuwa limepitisha Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, iliyomwezesha Rais kumfunga mtu bila kesi. Basi tusimsingizie mkoloni kila kitu. Mengine tuliyatunga wenyewe.

Fundisho la 1983

Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi ilikumbwa na uhaba mkubwa. Sukari, sabuni, mafuta na khanga viliadimika madukani, huku walanguzi wakiviuza kwa bei ya kuruka. Hasira ya wananchi ilikuwa ya haki. Machi 1983, chini ya uongozi wa Waziri Mkuu Edward Sokoine, vita dhidi ya wahujumu uchumi vilianza. Maduka na maghala yalipekuliwa. Dar es Salaam, mji wa bandari na biashara, uliguswa sana, na msukosuko huo ulifika katika maduka ya Kariakoo na katika nyumba za wafanyabiashara wa Upanga. Wako waliotupa bidhaa usiku ili wasikutwe nazo.

Sheria yenyewe ilikuja baada ya watu kukamatwa, ikarudishwa nyuma ili iwaguse. Iliunda baraza maalumu ambamo jaji alikaa na wajumbe wasio wanasheria. Mshitakiwa hakuwa na dhamana, wala wakili, wala rufaa.

Kulikuwa na kosa gani hapo, iwapo lengo lilikuwa jema? Kosa ni hili: utaratibu wa namna hiyo hauwezi kumtenga mlanguzi mkubwa na muuza duka aliyekuwa na katoni chache za sabuni. Wakili, dhamana na rufaa si anasa za kibepari. Ni vyombo vya kupambanua. Dola isiyopambanua huwapiga wasio na ujanja, na wajanja hupita. Serikali yenyewe ilitambua jambo hilo. Mwaka 1984 sheria ile ilifutwa, na mahali pake ikawekwa Sheria ya Uhujumu Uchumi na Makosa ya Kupanga, iliyozirejesha kesi hizo Mahakama Kuu, pamoja na wakili na rufaa. Mwaka huo huo haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba, ikiwemo ile ya mtu kutotendewa kama mkosaji kabla ya kuthibitika kosa.

Zanzibar ilikuwa imepitia njia kama hiyo mapema zaidi. Mahakama za Wananchi zilizoanza mwaka 1970 hazikuruhusu mawakili. Hizo ndizo zilizosikiliza kesi ya uhaini iliyofuata kuuawa kwa Mzee Karume Aprili 1972. Abdulrahman Babu alihukumiwa kifo bila kuwepo, kwa kuwa Mwalimu Nyerere alikataa kumpeleka kule. Lakini Babu huyo huyo alikaa kizuizini Bara bila kesi hadi 1978. Katika Jamhuri moja, mtu alinusurika mfumo mmoja akabaki mikononi mwa mwingine.

Wenzetu

Uganda, Katiba inasema mtu aliyekaa rumande siku 180 kwa kosa zito bila kesi yake kupelekwa Mahakama Kuu apewe dhamana. Kenya, tangu Katiba ya 2010, kila kosa lina dhamana, hata la kuua, isipokuwa pawepo sababu nzito. Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 2000, hakimu anayepeleleza si yeye tena anayeamua mtu awekwe mahabusu. Marekani huringia uhuru, lakini katika majimbo mengi maskini hubaki ndani kwa kukosa fedha za dhamana. Illinois ilikuwa jimbo la kwanza kuifuta kabisa dhamana ya fedha, mwaka 2023. Hakuna kati ya hizo iliyo pepo. Magereza ya Uganda yamejaa mahabusu, ingawa Katiba yasema vizuri.

Wajibu wa kada

Kwetu yapo makosa ambayo sheria imeyanyima dhamana kabisa, kama vile kuua, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji fedha. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinapingana na Katiba. Agosti mwaka huo Mahakama ya Rufani ikasema hakipingani. Kwa hiyo swali limerudi kwa watunga sheria, na watunga sheria wengi wametokana na Chama. Hatuwezi kujificha nyuma ya jaji.

Mahakama ya Kisutu iko mwendo wa miguu kutoka Upanga, na kutoka Kariakoo pia. Makada na wanafunzi waende wakakae asubuhi moja tu, wasikilize maneno "upelelezi haujakamilika", kisha wahesabu ni nani anarudi nyumbani na nani anarudi rumande. Wakitoka hapo wajadili tawini: kipindi gani cha kungoja ni cha haki, na nani alipe gharama ya upelelezi uliochelewa, dola au mtu ambaye bado hajahukumiwa?