Umeme Haufuti Sheria: Usalama wa Pikipiki na Skuta za Umeme Masalani

Sheria ya Trafiki ya Kenya, yaani Sura ya 403, haiwabagui waendeshaji kwa kuangalia kama vyombo vyao hutumia petroli au umeme, kwani karibu kila chombo kinachosukumwa na mitambo barabarani, mbali na vile vya reli, huhesabiwa kuwa chombo cha moto. Pikipiki nyingi za Masalani, mji mkuu wa Ijara katika Kaunti ya Garissa, zingali za petroli. Hata hivyo, ile ya umeme itakayoegeshwa stejini itakuwa na wajibu uleule, yaani kusajiliwa na mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, kuwa na bima inayofidia watu wengine wanaodhurika, na kuendeshwa na mtu mwenye leseni, ambayo kwa bodaboda ni ya daraja la A3 na hapewi aliye chini ya umri wa miaka 21.

Mwendeshaji analazimika kuvaa helmeti na jaketi lenye vimulikaji, masharti yaliyotiwa mkazo katika marekebisho ya mwaka 2012, na haruhusiwi kupakia zaidi ya abiria mmoja, kwa hiyo mtindo wa kubeba mishikaki ni kosa hata kama mota ina nguvu ya kuwavuta watu watatu. Mjini, kasi haipaswi kuzidi kilomita 50 kwa saa. Uchambuzi wa tafiti za nchi mbalimbali umeonyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42 na ya majeraha ya kichwa kwa asilimia 69, lakini helmeti iliyotundikwa kwenye usukani, au iliyovaliwa bila kufungwa kamba chini ya kidevu, haimkingi yeyote.

Skuta ndogo ambayo mtu huiendesha akiwa amesimama ni suala jingine, kwa kuwa Sheria ya Trafiki haikuiwekea kifungu cha pekee. Ujerumani ilitunga kanuni zake mwaka 2019, ikaweka kikomo cha kilomita 20 kwa saa na kulazimisha bima, ilhali Paris iliziondoa skuta za kukodi mwezi Septemba 2023 baada ya wakazi kupiga kura. Kwa vyovyote vile, magurudumu madogo ya skuta hiyo, ambayo hukwama hata kwenye ufa wa lami, hayafai kwa njia za mchanga za Ijara.

Hatari inayohitaji uangalifu zaidi ni ukimya. Mota ya umeme haingurumi, ilhali watembea kwa miguu, wachungaji na mifugo wamezoea kuisikia pikipiki kabla ya kuiona. Ulaya imelazimisha magari mapya ya umeme yatoe sauti ya tahadhari yakienda polepole, lakini sharti hilo haliyahusu magurudumu mawili. Kwa hiyo mwendeshaji anayekaribia kundi la ngamia au mbuzi wanaorejea kutoka mtoni jioni hana budi kupunguza mwendo mapema, kuwasha taa na kupiga honi akiwa bado mbali, kwa sababu honi ya karibu huwatawanya wanyama barabarani.

Hatari ya pili inatokana na namna mota hiyo inavyovuta, kwani nguvu yake hutoka papo hapo mwendeshaji anapokaza mkono, bila kungoja injini ipande, na juu ya mchanga mkavu gurudumu la nyuma huteleza kabla hajajiweka sawa. Anayehama kutoka petroli anahitaji kujifunza upya jinsi ya kuondoka.

Betri ya lithiamu nayo ina masharti yake: haifai kuchajiwa kwa chaja isiyo yake, wala kuendelea kutumika baada ya kupasuka au kuvimba, kwa kuwa joto la ndani linaweza kuzalisha moto mgumu kuuzima. Pikipiki isivushwe kwenye maji ya kina, jambo zito katika eneo ambalo mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2023 yalikata barabara. Aidha, Garissa mjini iko zaidi ya kilomita 130 kutoka Masalani, umbali ambao betri moja ya bodaboda kwa kawaida haiumalizi, na anayeishiwa na chaji njiani usiku hukabiliwa na hatari nyingine.

Rwanda, iliyoacha kusajili pikipiki mpya za petroli za kubeba abiria mjini Kigali kuanzia Januari 2025, inadokeza mwelekeo wa kanda hii. Masalani ina nafasi ya kujiandaa: vyama vya bodaboda vinaweza kutoa mafunzo ya mchangani kabla ya kumkabidhi mwanachama pikipiki ya umeme, nayo serikali ya kaunti inaweza kupanga vituo vya kubadilishia betri kulingana na umbali wa vijiji, badala ya kungoja ajali ndizo ziwe mwalimu.