Chanjo za safari: Kadi unaipata leo, kinga haiji leo

Msomaji wangu, mtu anayejiandaa kusafiri nje ya nchi huanza na pasipoti, kisha viza, kisha tiketi. Chanjo huachwa mwisho. Wengi wanaonijia huja siku mbili au tatu kabla ya kuondoka, mizigo imeshafungwa, na swali lao ni moja: "Daktari, naweza kupata kadi ya njano leo?"

Jibu ni kwamba kadi unaweza kuipata leo, lakini kinga huwezi kuipata leo. Mwili unahitaji siku, na kwa chanjo nyingine wiki au miezi, kutengeneza askari wa kupambana na ugonjwa. Wiki hii nataka tuzungumze kuhusu siku hizo, kwa sababu ndizo zinazowaponza wasafiri wengi, na wakati mwingine huwaponza hata waliobaki nyumbani.

Siku 10 za homa ya manjano

Homa ya manjano husababishwa na virusi vinavyoenezwa na mbu anayeuma zaidi mchana. Kwa kawaida dalili huanza siku tatu hadi sita baada ya kuumwa: homa, maumivu ya kichwa, mgongo na misuli, kichefuchefu. Wengi hupona. Lakini wapo wanaopata nafuu ya siku moja, kisha hali inawageuka: macho yanakuwa ya njano, figo zinashindwa kufanya kazi, damu inatoka puani, mdomoni au kwenye matapishi. Kati ya wanaofikia hatua hiyo, takribani nusu hufariki dunia ndani ya siku 7 hadi 10. Hakuna dawa ya kuua virusi hivyo. Hospitali tunachofanya ni kumsaidia mgonjwa wakati mwili wake unapambana.

Chanjo yake ni nzuri sana. Sindano moja inatosha kwa maisha yote. Zamani kadi iliandikwa kwamba inatumika kwa miaka 10, lakini tangu Julai 11, 2016, kanuni za afya za kimataifa zinaitambua kwa maisha yote ya aliyechanjwa, hata ile ya zamani. Kama ulichanjwa mwaka 2009 na kadi yako ipo, huhitaji kurudia sindano kwa sababu ya tarehe tu.

Lakini kadi hiyo huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, kwa kuwa ndio muda ambao watu wengi huwa wameshapata kinga. Ukichanjwa Jumatatu na kufika mpakani Alhamisi, ofisa wa afya ana haki ya kukuzuia. Anaweza kukurudisha, au kukuweka chini ya uangalizi hadi siku sita. Kwa dereva wa lori aliyepitia Tunduma, akaivuka Zambia nzima na kufika Kasumbalesa akielekea Lubumbashi, hizo ni siku za hasara kwake na kwa tajiri wake. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Uganda, Angola na Ghana ni miongoni mwa nchi zinazotaka kadi hiyo kwa wanaoingia. Ukirudi nyumbani ukitoka nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, hapa kwetu pia utaulizwa.

Kadi ya kununua haizuii mbu

Najua wapo vishoka wanaouza kadi iliyogongwa mhuri bila sindano. Msomaji, nakuomba ufikirie unanunua nini hapo. Ofisa wa mpakani unaweza kumpita kwa karatasi, lakini mbu wa Kinshasa au Luanda hasomi karatasi.

Mwaka 2016 Angola ilipata mlipuko mkubwa wa homa ya manjano, ukavuka hadi Kongo. Wafanyakazi kutoka China waliokuwa Angola walirudi kwao wakiwa wagonjwa. Walithibitika 11, na ilikuwa mara ya kwanza ugonjwa huo kuonekana China. Kenya nayo ilipokea wagonjwa wawili waliotoka Angola. Chanjo ya dharura duniani ilipungua kiasi kwamba Kinshasa watu walichanjwa kwa sehemu ya tano ya dozi ya kawaida ili itoshe kwa wengi. Wote hao waliougua wakiwa safarini walikwenda kwenye nchi iliyojulikana kuwa na hatari, kwa ugonjwa ambao una chanjo.

Nenda kwenye kituo kilichoidhinishwa na serikali. Uliza hospitali ya mkoa wako au maofisa wa afya mipakani na kwenye viwanja vya ndege. Kabla hujaondoka hapo, hakikisha kadi ina jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya chanjo, namba ya toleo la chanjo, sahihi ya mtoa huduma na mhuri wa kituo. Kadi yenye jina lililokosewa inaweza kukataliwa hata kama sindano uliipata kweli.

Kama unampeleka mzazi Hija au Umra

Kwa wanaokwenda Makka na Madina, chanjo ya lazima ni ya homa ya uti wa mgongo, ile inayokinga aina nne za bakteria: A, C, W na Y. Saudi Arabia huitaka kwa kila mwenye umri wa kuanzia mwaka mmoja, na iwe imetolewa si chini ya siku 10 kabla ya kuwasili.

Sharti hili lina historia. Mwaka 1987 mahujaji walipatwa na mlipuko wa aina ya A. Chanjo dhidi yake ikawekwa kuwa lazima. Mwaka 2000 na 2001 ukaja mlipuko wa aina ya W, ambayo chanjo iliyokuwa ikitumika na wengi haikuikinga. Mahujaji walirudi makwao na bakteria kooni bila kujua, na katika nchi kama Uingereza na Ufaransa wakaugua watu wa familia zao ambao hawakwenda Hija kabisa. Ndipo chanjo ya aina nne ikawa sharti.

Kwa hiyo unapomchanja baba au mama, unamkinga pia mjukuu atakayempokea uwanja wa ndege. Ugonjwa huu unaweza kumuua mtu mzima mwenye nguvu ndani ya saa 24 tangu dalili zianze, na anayepona anaweza kubaki kiziwi au kupoteza kiungo.

Chanjo hizi ziko za namna mbili. Moja hutambuliwa na Saudi Arabia kwa miaka mitatu, nyingine kwa miaka mitano. Kama kadi haionyeshi ni ya namna gani, itahesabiwa ya miaka mitatu. Mwombe mtoa huduma aandike. Mzee akiwa na kisukari, pumu au ugonjwa wa moyo, uliza pia kuhusu chanjo ya mafua na ya nimonia. Mwaka 2024 waliohiji walikuwa zaidi ya watu milioni 1.8, na katika msongamano kama huo kikohozi ndicho husambaa haraka kuliko kingine.

Mtoto ana hesabu yake

Wazazi wengi huniuliza, "Mtoto naye anahitaji?" Mtoto anahitaji, lakini umri wake ndio unaoamua.

Chanjo ya homa ya manjano hutolewa kuanzia miezi 9. Chini ya miezi 6 haitolewi kabisa, kwa sababu inaweza kuleta madhara kwenye ubongo wa mtoto mchanga. Kati ya miezi 6 na 8 hutolewa tu penye mlipuko, kwa uamuzi wa daktari. Hapa ndipo mtego ulipo: mtoto wa miezi saba haombwi kadi mpakani, basi mama anadhani ameruhusiwa kwa kuwa yuko salama. Hapana. Ameruhusiwa kwa kuwa hawezi kuchanjwa, na mbu anaweza kumuuma kama wengine. Kama safari si ya lazima, isubiri hadi afikishe umri. Kama ni ya lazima, mvalishe nguo za mikono mirefu na umlaze ndani ya chandarua hata usingizi wa mchana.

Kitu cha kwanza kukiangalia kwa mtoto anayesafiri ni kadi yake ya kliniki. Amepata chanjo za wiki ya 6, 10 na 14? Amepata ya surua na rubella ya miezi 9, na ile ya miezi 18 ambayo wazazi wengi huisahau? Virusi vya surua huweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka chumbani. Kwenye ndege, stendi au chumba cha kusubiria, mtoto asiyechanjwa hana pa kujificha. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anayekwenda mahali penye mlipuko wa surua anaweza kupewa dozi ya mapema, lakini hiyo haihesabiwi. Za miezi 9 na 18 atazipata kama kawaida.

Na polio usiione kuwa habari ya zamani. Februari 2022 Malawi ilitangaza mtoto aliyepooza kwa polio jijini Lilongwe, na vipimo vikaonyesha virusi hivyo vina asili ya Pakistan. Virusi vilisafiri na watu, mbali kiasi hicho, bila mtu kujua. Ndiyo maana timu za chanjo zilipita nyumba kwa nyumba hata kwetu.

Wasiotakiwa kukimbilia sindano

Chanjo ya homa ya manjano imetengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa. Mwambie daktari kabla ya sindano kama wewe ni mjamzito, unanyonyesha mtoto wa chini ya miezi 9, una umri wa miaka 60 au zaidi, unapata tiba ya saratani, unatumia dawa za kushusha kinga, au ulishawahi kupata mzio mkali wa mayai.

Ukiwa unaishi na VVU, usifiche wala usikate tamaa. Wengi wanaotumia dawa vizuri na ambao kinga yao iko juu wanaweza kuchanjwa. Lakini CD4 zikiwa chini ya 200, chanjo hii haitolewi. Kwa asiyeweza kuchanjwa, daktari huandika sababu za kitabibu kwenye cheti rasmi. Ujue tu kwamba karatasi hiyo inaeleza kwa nini hukuchanjwa. Haikukingi, na nchi unayokwenda ina uamuzi wa kuikubali au kuikataa. Wasiliana na ubalozi wao kwanza.

Mwanafunzi, mfanyabiashara na mgeni wa nyumbani

Kijana anayekwenda kusoma nje huenda akadaiwa uthibitisho wa dozi mbili za surua, matumbwitumbwi na rubella, pamoja na chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Soma fomu ya chuo mapema. Ongeza homa ya ini B, hasa kama alizaliwa kabla haijaingizwa kwenye ratiba ya watoto mwanzoni mwa miaka ya 2000. Chanjo hiyo kwa kawaida ni sindano tatu: leo, baada ya mwezi mmoja na baada ya miezi sita. Haiwezekani kuibana ndani ya wiki moja.

Anayekwenda kwenye maeneo yenye maji yasiyo salama aulize kuhusu taifodi, ambayo inahitaji angalau wiki mbili kabla ya safari, na kipindupindu kama kuna mlipuko. Atakayekaa vijijini mbali na hospitali aulize kuhusu kichaa cha mbwa.

Kuna jambo moja familia husahau. Mtoto wako au mjukuu akija likizo kutoka Ulaya au Marekani baada ya miaka mingi, mwili wake umeshapoteza uzoefu wa malaria. Usimwambie, "Wewe ni wa hapahapa." Anatakiwa aje na dawa za kukinga malaria alizopewa na daktari wa huko, kwa kuwa hakuna chanjo ya malaria kwa msafiri mtu mzima.

Panga hivi

Wiki sita hadi nane kabla ya safari, mwone daktari ukiwa na pasipoti, kadi zote za chanjo, kadi za kliniki za watoto na majina ya dawa unazotumia. Mtajie kila nchi utakayopita, hata ya kubadilishia ndege, maana baadhi ya nchi huhesabu saa ulizokaa uwanjani.

Chanjo za virusi hai, kama ya homa ya manjano na ya surua, ni vizuri zipishane kwa wiki nne. Ukianza mapema nafasi hiyo ipo.

Umechelewa na safari ni ya wiki ijayo? Njoo hivyo hivyo. Kinga iliyoanza kujengeka ni bora kuliko kutokuwa nayo kabisa, na tutaangalia kama tarehe ya safari inaweza kusogezwa.

Piga picha ya kadi uihifadhi kwenye simu, lakini ile halisi iambatane na pasipoti. Na ukirudi, homa yoyote ndani ya wiki za mwanzo usiinunulie dawa dukani. Nenda hospitali, na sentensi ya kwanza kumwambia daktari iwe ni nchi uliyotoka.