Gharama za Kujifunza Kuruka kwa Mwavuli

Juma hili nimepokea barua ya kijana mmoja wa Tandika, fundi cherehani, anayetaka kujifunza kuruka kutoka katika ndege kwa mwavuli. Amejiwekea akiba ya shilingi milioni mbili, na zikipungua yu tayari kuuza cherehani yake. Ndugu yangu, kabla hujauza kitu, chukua kalamu tuhesabu pamoja. Nanyi wengine wa Temeke na Kinondoni, hesabuni nasi.

Kwanza yafaa kutofautisha mambo mawili. Kuna kuruka huku umefungwa kifuani pa mwalimu: yeye ndiye afunguaye mwavuli, nawe u abiria tu. Tena kuna kujifunza mpaka uruke peke yako. Huko Marekani, kwenye warukaji wengi, namna ya kwanza huwa dola 200 hadi 300 hivi. Tukikadiria dola moja kwa shilingi 2,500, hizo ni shilingi 500,000 hadi 750,000. Mafunzo ya kujitegemea, pamoja na miruko 25 inayotakiwa huko kabla ya kupata leseni ya kwanza, huweza kufika dola 2,000 hadi 4,000. Yaani shilingi milioni tano mpaka kumi.

Mbona ghali hivyo? Sababu kubwa ni ndege. Hupanda futi 10,000 au zaidi ikichoma mafuta, nawe huanguka kwa muda usiofika hata dakika moja kabla ya mwavuli kufunguka. Tena katika masomo ya mwanzo walimu wawili huruka nawe, mmoja kila upande, wakikushika. Basi unalipia nafasi tatu, siyo moja! Na ukishindwa somo hulirudia, ukalilipia upya.

Kwetu Afrika ya Mashariki warukaji ni wachache, kwa hiyo usitazamie bei za Marekani. Mahali panapojulikana ni Diani, pwani ya Kenya, ambako Skydive Diani hufundisha wanaoanza. Ukitoka Dar es Salaam kwa basi la Mombasa, unapita Tanga, unavuka mpaka Horohoro na Lunga Lunga, kisha unateremka Ukunda; hufiki hata kwenye kivuko cha Likoni. Nauli si kitu. Kitu ni siku za kungoja. Upepo ukizidi, au mawingu yakishuka, mwanafunzi haruki, naye anaendelea kula na kulipa malazi. Atakayekwenda wakati wa masika amejitakia.

Usinunue vyombo mwanzoni. Seti mpya yenye mwavuli mkuu, mwavuli wa akiba, mikanda na kifaa cha kuufungua ule wa akiba chenyewe, hupita dola 6,000. Mwanafunzi hukodi. Hapa fundi wetu atanielewa vizuri kuliko wengine: huko Marekani mwavuli wa akiba hukaguliwa na kukunjwa upya kila siku 180 na fundi mwenye leseni, hata kama haukutumika. Wewe wajua mshono ulivyo. Mtu akikukodisha vyombo rahisi, asiweze kukuonyesha tarehe ya ukaguzi, rudi nyumbani.

Soma pia mkataba wako wa bima, kama unayo, maana bima nyingi hazilipi mguu uliovunjwa na mchezo wa namna hii.

Jibu langu, basi: milioni mbili huenda zikatosha safari na mruko mmoja wa kufungwa na mwalimu. Nenda huo kwanza, ujue kama moyo wako waupenda kweli. Wengi wakishatua hawataki tena. Mafunzo kamili yangoje, na cherehani ibaki, kwa kuwa ndiyo itakayoyalipia.

Kabla ya kukata tiketi, waandikie wenye chuo uwaulize mambo manne: bei ya kurudia somo, bei ya kukodi vyombo, kama picha zimo katika bei ile au ni mbali, na fedha zinarudishwaje hali ya hewa ikikataa. Wakujibu kwa maandishi.