Mlaze chali, mgeuze kichwa: Nasaha kwa wazazi wa watoto wachanga

ARUBAINI ikishatimia, mama hutoka na kichanga chake, na jamaa huja kumtazama. Mmoja husema macho ni ya babu yake, mwingine husifu nywele. Kisha bibi hupitisha kiganja nyuma ya kichwa cha mjukuu na kuguna: "Mbona kisogo kimekuwa bapa? Mnamlaza chali tu! Mlazeni kifudifudi, kichwa kipate kuviringana."

Hivi karibuni baba mmoja kijana alinisubiri baada ya Sala ya Isha akiwa na jambo hilo hilo. Wauguzi wa kliniki walimwambia mkewe amlaze mtoto chali. Mama mkwe ameagiza kifudifudi. Jirani naye amesema Sunna ni kulalia ubavu wa kulia. "Katibu, tumfuate nani?" aliuliza. Kwa kuwa swali hilo limo katika nyumba nyingi, nimeona nilijibu hapa kwa urefu.

Kwa nini chali

Ndugu msomaji, hadi miaka ya 1980 madaktari wengi wa Ulaya na Marekani nao waliwashauri wazazi kuwalaza watoto kifudifudi. Uchunguzi ulipofanyika, ikadhihirika kwamba watoto waliolazwa hivyo walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufariki ghafla usingizini. Uingereza ilianza kuhimiza mlalo wa chali mwaka 1991, na Marekani ikafanya kampeni kama hiyo mwaka 1994. Katika nchi hizo vifo vya namna hiyo vilipungua kwa nusu na zaidi.

Mtoto mchanga hana nguvu ya shingo ya kujinasua uso wake unapozama kwenye godoro au shuka. Huweza kuvuta tena hewa ile ile aliyoitoa, bila ya kulia wala kufurukuta. Wapo wanaohofu kwamba akilala chali atapaliwa akicheua. Hofu hiyo inaeleweka, lakini maumbile yanaijibu: mtoto akilala chali, njia ya hewa huwa juu ya njia ya chakula, hivyo maziwa yanayorudi hayaiingii kwa urahisi. Akilala kifudifudi, mpangilio huo hupinduka.

Na Sunna je?

Mafundisho ya kulalia ubavu wa kulia yamepokewa katika Sahihi mbili, Bukhari na Muslim, pamoja na agizo la kutia udhu kabla ya kulala. Anayesemeshwa hapo ni mtu mwenye kutia udhu, anayeweza kujigeuza mwenyewe. Kichanga akilazwa ubavu huweza kubiringika na kuangukia tumbo, na huko ndiko kwenye hatari. Ama mlalo wa kifudifudi, imepokewa katika Sunan za Abu Daud na Tirmidhi kwamba Mtume (s.a.w.) aliukemea. Na sharia yetu imejengwa juu ya kuondoa madhara. Kwa hiyo anayemlaza mwanawe chali haendi kinyume na Sunna. Anahifadhi nafsi aliyokabidhiwa.

Kisogo bapa hutokana na nini

Bibi hakusema uongo: mlalo wa chali huweza kukifanya kisogo kiwe bapa. Mifupa ya fuvu la mtoto haijashikana bado. Imetenganishwa na mishono laini na utosi, ili ubongo upate nafasi ya kukua. Kikilalia mahali pamoja saa nyingi, kichwa hufuata umbo la kinacholaliwa. Ubapa huo haudhuru ubongo, na kwa watoto wengi hupungua wanapoanza kukaa na kutambaa. Basi tupime: kisogo bapa hakiui, lakini kulala kifudifudi kunaweza kuua. Hatuondoi dogo kwa kuleta kubwa.

Na hilo dogo lina dawa yake. Katika Suratul Kahf tunaelezwa kwamba vijana wa pangoni waligeuzwa kuliani na kushotoni katika usingizi wao, na wafasiri wametaja kuwa ni ili ardhi isiwadhuru miili. Kwa kichanga, mwili unabaki chali. Kinachogeuzwa ni kichwa. Usiku huu kielekee kulia, kesho kushoto. Watoto hupenda kutazama mwanga, mlango au alipo mama. Basi badilisha upande unaoweka kichwa chake, naye atajigeuza mwenyewe.

Mchana, akiwa macho na wewe ukimwangalia, mlaze kwa tumbo juu ya mkeka au kifuani kwa baba yake. Anza na dakika chache, mara kadhaa kwa siku. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataja angalau nusu saa kwa siku, ikigawanywa, kwa mtoto asiyeanza kutambaa. Hapo shingo hupata nguvu na kisogo hupumzika. Akisinzia, mrudishe chali. Kumpakata na kumbeba kwa mbeleko nako husaidia, mradi pua yake isizibwe.

Ya kuepuka

Usimwekee mto, hata ule unaosemwa kuwa unaviringisha kichwa. Usimkande fuvu kwa mikono. Usimfunge hirizi, shanga wala uzi shingoni. Alale juu ya godoro gumu lililo sawa, uso wazi, ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri, chumba kimoja na mama yake lakini mahali pake mwenyewe. Msilale naye kwenye kochi. Na baba anayevuta sigara ajue kwamba moshi huo unaongeza hatari kwa mwanawe.

Mpelekeni kwa daktari bila kuchelewa iwapo shingo inaelekea upande mmoja tu na haigeuki, iwapo kuna tuta gumu juu ya mishono ya fuvu, au ubapa unazidi badala ya kupungua.

Kijana yule aliniuliza mwisho atamwambiaje mkwewe bila ya kumvunjia heshima. Nilimwambia: mpe kazi. Mchana, mtoto akiwa macho, bibi amlaze kwa tumbo na kucheza naye. Kisogo atakisaidia yeye, na usiku mjukuu atalala salama.

Wallahu a'lam.